Nani Aliyekosa Hata Mtoto Akazaliwa Mzito?

Katika wodi ya wazazi, ndugu wakishajua mtoto ni wa kike au wa kiume, swali linalofuata ni "kilo ngapi?" Wakijibiwa tatu na pointi mbili, wanashukuru na kuendelea na habari za uji na maji ya moto. Wakijibiwa nne na nusu, sauti zinapanda. Tukuyu, kama kwingi Tanzania, mtoto mzito huhesabiwa baraka kabla hajafumbua macho: mama alikula, mume alitunza, Mungu amejibu. Wakijibiwa mbili kasoro, watu wananyamaza, na kimyakimya kuna hesabu inapigwa: huyu alikuwa anakula nini, alikuwa anabeba mizigo gani, kamkosea nani? Siku hizi imeongezeka hesabu nyingine. Mtumishi wa afya akimwona yule wa kilo nne na nusu, akaangalia kadi ya kliniki na kukuta mama aliambiwa ana sukari, anaweza kumwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba hayo ndiyo matokeo ya kula ovyo. Kilichokuwa baraka kinageuka kosa palepale kwenye mizani. Ninachopinga ni hiyo tabia ya kuusoma uzito wa mtoto kama hukumu juu ya mama, awe anayesoma ni bibi, mchungaji au mtaalamu. Ushahidi wa tiba wenyewe, hasa ule unaohusu mafuta katika damu ya mama, hauruhusu usomaji huo. Na dini zinazofuatwa hapa wilayani Rungwe ziliukataa zamani, ingawa waumini wao huurudia kila mara.

Tuanze na damu, kwa sababu lawama hii hujidai imesimama juu ya sayansi. Mwaka 1952 daktari wa Copenhagen, Jørgen Pedersen, alieleza kwa nini wanawake wenye kisukari huzaa watoto wakubwa. Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma ikamfikia mtoto; insulini ya mama haivuki. Kongosho la mtoto likikuta sukari imejaa hutoa insulini yake lenyewe, na hiyo ndiyo inayomnenepesha. Ndiyo maana mtoto wa namna hii anaweza kuzaliwa mnene, kisha saa chache baadaye sukari yake ikashuka kwa hatari: kitovu kimekatwa, sukari ya mama imekoma, lakini kongosho lake bado linatoa insulini kwa kiwango cha jana. Maelezo hayo yanakubalika hadi leo, ila yana pengo. Wapo akina mama waliokutwa na kisukari cha mimba, wakafuata kila walichoelekezwa, sukari ikatulia, na bado wakajifungua mtoto wa kilo nne na ushei. Mwaka 1980 Norbert Freinkel wa Chicago alisisitiza kwamba sukari ni kimojawapo tu cha vitu vinavyomlisha mtoto tumboni. Kuna protini, kuna mafuta, na kisukari cha mimba huvivuruga vyote. Kisha utafiti wa Berlin uliochapishwa mwaka 2008 ukaonyesha kwamba kwa wanawake wenye kisukari cha mimba ambao sukari yao imedhibitiwa vizuri, mafuta yaliyomo katika damu ya mama, yaani trigliseridi na asidi za mafuta, ni kiashiria chenye nguvu cha ukuaji wa mtoto.

Hapo mlaumu anadhani amepata silaha mpya. Mafuta! Basi ni chipsi, ni vitumbua, ni maandazi ya pale Kiwira magari yanaposimama. Angesubiri kwanza. Trigliseridi hupanda katika kila ujauzito, wa mwanamke mnene na wa mwembamba, wa anayekula nyama kila siku na wa anayekula ndizi na maharage. Ikifika miezi mitatu ya mwisho huwa mara mbili hadi tatu ya zilivyokuwa kabla ya mimba. Sehemu kubwa ya mafuta hayo haikutoka kwenye sahani ya mchana ule. Imetengenezwa na ini la mama mwenyewe, kwa msukumo wa homoni za mimba. Mwili wa mjamzito huenda kwa awamu: katika theluthi mbili za kwanza huweka akiba, nyonga na mapaja vikajaa, katika theluthi ya mwisho huifungua akiba hiyo, na mama huanza kuishi zaidi kwa mafuta ili sukari, ambayo ndiyo chakula kikuu cha mtoto, imbakie mtoto. Trigliseridi zenyewe hazivuki kondo zikiwa nzima. Kondo lina vimeng'enya vinavyozivunja na kupitisha asidi za mafuta upande wa pili. Katika kisukari cha mimba mambo ni yaleyale, ila yamepita kiasi: mwili hauitikii insulini ipasavyo, akiba inafunguliwa kuliko inavyohitajika, na mtoto anapokea kwa wingi. Tunachokiita ugonjwa, kwa sehemu hii, ni ukarimu wa mwili wa mama uliozidi kipimo. Ulafi hauingii popote katika maelezo hayo.

Na mama hawezi kuyahisi. Mafuta yakipanda hayaumi, hayaleti homa, hayavimbishi miguu. Huduma ya kawaida ya wajawazito haihusishi kupima trigliseridi, wala duniani hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa cha kusema kwamba hiki ni sawa kwa mjamzito na hiki si sawa. Dawa za kushusha mafuta wanazoandikiwa wagonjwa wa moyo kwa kawaida haziandikwi kwa mwanamke mwenye mimba. Sasa tupime lawama kwa kipimo chake yenyewe. Kosa la kimaadili lina masharti mawili ambayo hata mtoto wa shule huyajua anaposhtakiwa darasani: ulijua, na ungeweza kufanya vingine. Mama huyu hakujua, kwa sababu hakuna aliyempima. Na hata angejua, sehemu kubwa ya jambo lenyewe haimo mikononi mwake. Anayemlaumu anatoa hukumu ambayo masharti yake yote mawili hayajatimia, tena anaitoa kwa jina la elimu.

Waislamu wa Tukuyu hawahitaji kufundishwa hili upya. Ni msingi wa imani yao kwamba Mungu hamtwishi mtu mzigo asioweza kuubeba, na kwamba hakuna atakayebebeshwa dhambi ya mwenzake. Wakristo, walio wengi huku tangu wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walipofika Unyakyusa mwaka 1891, wana sura ya tisa ya Injili ya Yohana. Wanafunzi wa Yesu wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kuuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Kinachonivutia hapo ni lile walilolichukulia kuwa halina mjadala. Kwamba kuna dhambi nyuma ya mwili ule, hawana shaka; wanachotaka ni jina la mhusika tu. Jibu wanalopewa linaukataa mpango wote: si yeye, si wazazi. Karne nyingi kabla yake Ezekieli alikuwa amekemea methali ya watu wake iliyowafanya watoto walipe makosa ya baba zao. Kwa hiyo mhubiri anayesimama mbele ya waumini kumshukuru Mungu kwa mtoto mkubwa kana kwamba ukubwa ni cheti cha uadilifu wa nyumba ile, ajue anafungua mlango ambao maandiko yake yaliufunga. Kilo nne zikiwa zawadi kwa wema wa mama, basi kilo mbili ni adhabu kwa ubaya wake. Huwezi kuchukua nusu moja ya hesabu hiyo ukaiacha nyingine.

Labda mtu atasema hayo ni mawazo ya wageni, na kwamba Wanyakyusa walikuwa na namna yao ya kusoma uzazi. Walikuwa nayo kweli. Godfrey na Monica Wilson walikaa katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938, na katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu matambiko ya ukoo wa Wanyakyusa, Monica alieleza kwa kirefu uzazi uliohesabiwa kuwa si wa kawaida, hasa wa mapacha. Ulitisha. Wazazi walitengwa kwa muda, na dawa ilibidi itumike kwa ndugu wote, hata kwa ng'ombe, kwa sababu hatari ilidhaniwa kuenea katika ukoo mzima. Sipendi kuupamba utaratibu huo. Kumtenga mwanamke aliyetoka kujifungua si jambo la kutamani, na imani ileile iliyoeneza hatari kwa wote iliweza pia kumtafuta mchawi mmoja. Lakini ulikuwa na ufahamu ambao kliniki yetu imeupoteza: kilichotokea tumboni mwa mwanamke hakikuwa shughuli yake peke yake. Aliyetibiwa hakuwa yeye tu. Leo mama anapewa karatasi ya ushauri wa chakula mkononi mwake, akarudi nayo kwenye nyumba ambamo si yeye anayeamua nini kitauzwa na nini kitabaki kupikwa.

Kuna jambo jingine ambalo mlaumu hulipita haraka, nalo ni mstari wenyewe unaomtenganisha mama mwenye kisukari cha mimba na asiye nacho. Utafiti mkubwa unaojulikana kama HAPO, uliochapishwa mwaka 2008, ulifuatilia wanawake zaidi ya 23,000 katika vituo 15 vya nchi 9. Ulichokuta ni mteremko usio na ngazi: kadiri sukari ya mama inavyokuwa juu, hata ikiwa bado chini ya kile kilichoitwa kisukari, ndivyo uwezekano wa kuzaa mtoto mzito unavyopanda, kidogo kidogo, bila mahali pa kusema hapa ndipo ugonjwa unaanza. Mahali hapo ilibidi watu wakae mezani wapachague. Mwaka 2010 jopo la wataalamu liliamua mstari upite pale ambapo uwezekano wa mambo kama mtoto mzito umefika mara 1.75 ya ule wa mwanamke mwenye sukari ya wastani. Wangeweza kuchagua 1.5, wangeweza kuchagua 2. Shirika la Afya Duniani likaupokea mstari huo mwaka 2013: milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula, 10.0 saa moja baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, 8.5 baada ya saa mbili. Na "mzito" katika hesabu hiyo maana yake ni aliye katika sehemu ya kumi ya juu ya watoto, kwa hiyo hata katika kundi lenye afya kuliko yote lazima wawepo wazito. Tena kati ya vituo vile 15, hakuna hata kimoja kilichokuwa katika bara la Afrika.

Simaanishi mstari hauna maana. Umri wa miaka 18 wa kupiga kura nao ulichaguliwa, na hakuna busara inayomshukia kijana usiku wa kuamkia siku hiyo. Hata hivyo uchaguzi hauwezi kuendeshwa bila kikomo. Wala sisemi kondo la mwanamke wa Rungwe linafanya kazi tofauti na la mwanamke wa Manchester. Ninachosema ni kwamba mwenye 5.0 na mwenye 5.2 hawatofautiani kwa tabia, na kwamba jina la ugonjwa alilopewa wa pili limetokana na makubaliano ya kutusaidia kugawa huduma. Makubaliano ya kugawa huduma hayawezi kugeuzwa kuwa kipimo cha nani mama mwema. Kwa upande wa mafuta hoja ni kali zaidi, maana huko hata mstari wa makubaliano haujachorwa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa watu wanaofanya kazi wodini, nao hawastahili kujibiwa kwa dharau. Wanasema: ukiondoa lawama unaondoa bidii. Mama akiambiwa si kosa lake, ataendelea na soda na mikate. Na wanaoumia ni mtoto anayekwama mabega wakati wa kuzaliwa, na mama anayeishia chumba cha upasuaji. Ni kweli kwamba kisukari cha mimba kikishughulikiwa, matokeo hubadilika. Utafiti wa Australia wa mwaka 2005, uliohusu wanawake 1,000, ulionyesha madhara makubwa kwa watoto yakishuka kutoka asilimia 4 hadi 1; mwingine wa Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha watoto wa zaidi ya gramu 4,000 wakishuka kutoka asilimia 14.3 hadi 5.9. Lakini tazama walichopewa wanawake wa tafiti hizo. Walipewa mtu wa kuwaelekeza chakula, vifaa vya kupima sukari mara kwa mara, na insulini pale chakula kiliposhindwa. Hakuna utafiti kati ya hizo uliolipa kundi moja karipio na kundi jingine ukimya ukaona karipio limeshinda. Kilichofanya kazi ni kuandamana na mama. Karipio huja pale ambapo kuandamana naye hakuwezekani, kwa sababu ni rahisi, halihitaji bajeti wala mafunzo, na humwachia msemaji hisia kwamba ametimiza wajibu.

Wajibu wa mama siufuti. Aliyeelezwa akaelewa, aliyepewa glukomita akajua kuitumia, ana sehemu yake ya kutimiza, na kumwambia hivyo ni kumheshimu. Tofauti niishikayo ni kati ya neno linalotazama mbele, fanya hili sasa kwa kuwa unaweza, na neno linalotazama nyuma, hili limetokea kwa kuwa wewe ni wa namna hii. Mama mjamzito anahitaji la kwanza. La pili hupewa pamoja nalo bila sababu.

Upande wa pili wapo wanaouliza kwa nini tiba inawanyang'anya watu baraka. Hapa nina huruma zaidi kuliko madaktari wengi. Mahali ambapo malaria ya ujauzito, upungufu wa damu na kazi za shamba zimepunguza uzito wa watoto kwa vizazi, kumpenda mtoto mzito ni elimu iliyopatikana kwa machozi. Aliye chini ya gramu 2,500 hufa kwa urahisi zaidi, na bibi alilijua hilo bila mizani. David Barker na wenzake Uingereza walikuja kuonyesha, katika miaka ya 1980 mwishoni, kwamba waliozaliwa wadogo hufa zaidi kwa maradhi ya moyo ukubwani. Bibi hakukosea kuufurahia uzito. Ila uzito ni jumla ya mifupa, misuli na mafuta, na mizani haisemi kila kimoja ni kiasi gani. Watoto wawili wa kilo nne wanaweza kuwa mbali: mmoja ana baba mrefu na mifupa mirefu, mwingine amejaa mafuta mabegani na tumboni kwa sababu ya insulini yake mwenyewe. Wote wawili wanapokewa kwa shukrani. Wa pili anahitaji kunyonyeshwa mapema na kupimwa sukari. Sioni dini yoyote ambayo shukrani ndani yake inakataza kipimo.

Kuhusu anayesema Mungu ndiye aumbaye tumboni na hivyo kupima ni kuingilia, jibu ni fupi. Wanaoamini hivyo hupeleka maharage kwenye mizani sokoni, na hula kabla ya kusali kwa ajili ya nguvu. Mungu anayeumba kupitia ini, kondo na kongosho hapungukiwi kitu ikijulikana jinsi vinavyofanya kazi.

Linabaki swali kama hoja hii haihamishi tu lawama kutoka kwa mama na kuitupa kwa kitu kisicho na uso kiitwacho jamii. Lipo jambo la kushika hapa, si ukungu. Utafiti wa Tanzania ulioongozwa na mtaalamu wa lishe wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yapata miaka kumi iliyopita, ulikuta kisukari cha mimba kwa asilimia 8.4 ya wajawazito wa mjini na asilimia 1.0 ya wa kijijini. Tofauti ya mara nane ndani ya nchi moja haitokani na wanawake wa mjini kuwa na maadili mabovu mara nane. Mahali huingia katika damu: kwa kazi ya kukaa au ya kupanda mlima na kikapu cha majani ya chai mgongoni, kwa bei ya mafuta ya kupikia, kwa umri wa kuzaa, kwa uzito wa mwili kabla ya mimba. Tukuyu iko katikati. Ni mji wa wilaya wenye bodaboda na maduka ya soda, umezungukwa na migomba, chai na parachichi. Mwanamke mmoja anaweza kuanza ujauzito akiishi kama wa kijijini na kuumaliza akiishi kama wa mjini.

Kwa hiyo swali la wale wanafunzi wa Yesu tuligeuze liulize nani anaweza. Kipimo cha glukosi kinamtaka mama afike bila kula, akae saa mbili, achomwe sindano mara tatu. Anayetoka Ikuti au Masoko alfajiri, mvua za Rungwe zikinyesha, anaweza kufanya hivyo ikiwa mume amebaki na watoto, nauli ipo, na maabara inafunguliwa mapema. Hayo matatu yana wenyewe, na mwenyewe si tumbo lake. Makanisa nayo hayawezi kujiweka pembeni, kwa kuwa yana wagonjwa na si waumini tu: Igogwe ni hospitali ya Wakatoliki, Itete kule Busokelo ni ya Walutheri, na vikundi vya akina mama wa makanisa yote huwatembelea waliojifungua, wakiwa na chakula mikononi na maneno midomoni.

Maneno hayo yana matokeo yanayopimika. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu kubwa mara kadhaa kuliko mwenzake, na ushauri wa kitaalamu ni apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, hata kama sukari ilishuka siku ileile ya uzazi. Aliyeondoka wodini akiwa ameambiwa kwamba alijitakia hana hamu ya kurudi kusomewa shtaka upya. Lakini wiki ya sita atarudi tu, kwa sababu mtoto ana chanjo. Siku hiyo atakuwa kwenye benchi la kliniki tangu asubuhi, na ikiwa aliambiwa mapema aje bila kula, sindano moja ya ziada, yake yeye, ingemaliza kazi kabla hajaanza safari ya kurudi Masoko.